Jina la Muzee na taa ya ruta

Mgeni akija, nyumba hupigwa maji. Hiyo ndiyo sheria ya Maman Séraphine, na tangu yeye na marehemu mume wake wajenge nyumba Bagira, pembeni mwa Bukavu, hakuna aliyeingia kwake akakuta vumbi. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba Jumamosi ile watu watatu wa Kinshasa wangezungumza na mkamwana wake Chancelle kwa njia ya kompyuta, na kwamba wangeuona ukuta wa sebule nyuma ya kichwa chake, hakuuliza mengi. Mgeni ni mgeni, aje kwa miguu au aje kwa kioo. Aliamka na ndoo.

Alisugua sakafu. Aliosha ukuta kwa sabuni. Alivua viti vitambaa vyake, vile anavyovifuma kwa mkono, akavifua na kuvirudisha vikiwa bado na unyevu. Alifuta picha ya Bikira Maria, akafuta redio, akafuta hata saa ya ukutani ambayo haijatembea tangu Bruno, mtoto wake, awe shuleni. Mwisho akafika kwenye ruta, kisanduku cha plastiki cha intaneti.

Ruta ilikaa juu ya kabati, nayo ikiwa na kitambaa chake. Séraphine akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mashimo makubwa ya kuingizia waya, hayo aliyafuta kwa ncha ya kitenge. Pembeni kulikuwa na kitundu kimoja, kidogo kama jicho la sisimizi, kimejaa uchafu. Kidole hakiingii, kitenge hakiingii. Akachomoa sindano yake ya kufumia, akaitia humo, akachokoa. Ndani kitu kikabonyea. Akakandamiza zaidi, akashikilia, uchafu utoke wote. Taa zikazimika, halafu zikawaka upya moja moja, zikipepesa. Séraphine akaona imemshukuru. Akaifunika.

Chancelle alitoka chumbani akiwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi, na mtoto wake Bienfait amelala mgongoni. Miadi ilikuwa saa tatu ya Kinshasa, ambayo ni saa nne ya Bukavu, hilo alilijua, kwa hiyo muda ulikuwapo. Lakini yeye ni mtu wa kujaribu mambo mapema. Hospitali moja ya upande wa Katana ilikuwa inatafuta mtu wa kuingiza habari za wagonjwa kwenye kompyuta. Barua ya kumwita mbele ya jury, wale watu watatu wa Kinshasa, ilisema wazi: asiyeonekana saa yake, amejitoa. Tena hakuna siku ya pili. Chancelle alisoma informatique, elimu ya kompyuta, kabla ya kuolewa, akaacha katikati. Mume wake Bruno alikuwa Shabunda kwenye machimbo ya dhahabu, mahali ambapo simu haiiti, na alichotuma kilifika kwa kuchelewa kama kilitembea kwa miguu. Tangu Muzee, yaani baba yake Bruno, afariki katika mvua zilizopita, nyumba ilikula kwa vitambaa alivyouza Séraphine. Mlango huu wa Katana ndio pekee uliokuwa umefunguka, na ulifunguka kwa saa moja tu.

Alifunua ruta.

“Maman, hii ruta iko na nini?”

“Iko na nini? Iko safi.”

“Taa ya intaneti iko nyekundu. Asubuyi ilikuwa kijani.”

“Labda imechoka. Iliamuka mapema sawa siye.”

Chancelle akafungua kompyuta. Jina la Wi-Fi walilolizoea halikuwapo. Badala yake kulikuwa na jina jingine, herufi na namba zisizo na maana, sawasawa na zile zilizobandikwa kwenye tumbo la ruta. Ilikuwa imerudi kama ilivyotoka dukani. Akatazama juu ya kabati, akaiona sindano. Séraphine naye akaitazama, kama anaiona kwa mara ya kwanza.

“Maman. Uliingiza hii sindano mu kile kitundu?”

“Kilikuwa na uchafu.”

“Kile kitundu ni ya kufuta akili yake. Imesahau kila kitu.”

“Sasa bantu banatia kitundu ya kufuta akili, banakiacha wazi bila kifuniko?” Séraphine alisema, akaichomeka sindano kwenye kitenge chake. “Bazungu nabo!”

Mkamwana hamgombezi mavyaa. Chancelle akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaketi kazini.

Kutumia simu badala ya ruta alishajaribu siku nyingine. Nyumba yao iko kwenye bonde, na pale simu inashika sehemu moja tu, nje, kando ya pipa la maji ya mvua. Hata pale inapitisha sauti, picha inakatikakatika kama mkate mkavu. Na kushuka mjini na ile barabara iliyoliwa na mvua, angefika saa ambayo wageni wake wanakunja vitabu. Ilibaki kuifundisha ruta upya.

Aliingia kwa namba za kibandikoni. Ukurasa ukafunguka kwa Kifaransa, ukamwambia asubiri, utatafuta wenyewe. Ukatafuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha maandishi yakasema hakuna muunganisho uliopatikana. Chini yake palikuwa na mstari mdogo: configuration manuelle, yaani kuipanga kwa mkono. Chancelle akaubonyeza. Hapo akaulizwa anaunganishwa kwa njia gani, akapewa njia tatu achague. Alimkumbuka Isidore, yule fundi mwenye kampuni ndogo ya intaneti, siku alipokuja kufunga antena juu ya bati: aliandika jina, akaandika neno la siri. Basi akachagua njia inayotaka jina na neno la siri. Visanduku viwili vikatokea, vyote vitupu, vinamtazama.

Akaweka kompyuta dirishani ili ruta iendelee kuisikia, akazunguka nje hadi kwenye pipa, akampigia Isidore.

“Allo!” Isidore alipiga kelele. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma. “Sema mbio, niko juu ya mulingoti huku mu kijiji ya Miti!”

Chancelle akamweleza. Isidore akaelewa upesi, maana hiyo ndiyo kazi yake.

“Ulichagua vizuri. Sasa ku sanduku ya kwanza andika jina ya mwenye nyumba, yote pamoja, herufi ndogo. Ya pili ni neno ya siri. Kila mwenye nyumba alijichagulia yake. Niko nazo zote mu kichwa, lakini zinalala ku majina. Nipe jina, nikupe neno.”

Chancelle akaisogeza simu mbali na sikio.

Katika nyumba ya Séraphine, kama kwa watu wengi wa zamani wa kwao Kabare, mkamwana hatamki jina la bamkwe, baba wa mume wake. Si mbele yake, si nyuma yake, si akiwa amekufa. Anamwita Muzee, basi. Kuandika si kusema: walipoomba misa ya marehemu, Chancelle aliandika jina kwenye karatasi, akampa katibu wa parokia, na padri ndiye aliyelisoma. Mkono hauna ulimi. Lakini mwiko huo una mlango wake. Bamkwe akipenda, humfungua mkamwana kinywa kwa kumpa jembe, jembe lake mwenyewe lililolima, si la dukani. Kuanzia siku hiyo mkamwana anaweza kumtaja bila woga. Muzee aliahidi kufanya hivyo Bienfait alipozaliwa. “Nikipata tu jembe yangu kwa Donatien,” alisema. Donatien, jirani wa nyuma ya ukuta, alikuwa ameliazima. Muzee akafa analingoja.

“Allo? Maman?”

“Ni huku Bagira,” Chancelle alisema. “Kwa Muzee mwenye kofia ya ngozi.”

“Bagira niko na bazee wengi sawa samaki ya sambaza mu ziwa. Jina!”

“Yule alikufa kwa hii mvua ya juzi.”

“Pole sana. Balikufa wengi. Jina, maman, upepo unanisukuma!”

“Papa ya Bruno.”

“Bruno gani? Nilifunga ku jina ya mwenye nyumba, sikufunga ku jina ya batoto!”

“Basi nitakutumia message.”

“Nitaisoma na nini? Mikono yote miwili inashika chuma, simu iko mu sikio. Nikiachilia mukono moja, utanisoma weye, ku kanisa, mu matangazo ya marehemu!”

“Utashuka saa ngapi?”

“Kisha midi, saa sita.” Na simu ikakatika.

Chancelle akabaki na simu mkononi. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi wake, maneno mawili tu. Angelisema, nani angekufa? Lakini Séraphine alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Miaka yote Chancelle alikuwa amekula katika nyumba ile kama mtoto, si kama mgeni, na alijua sababu: hakuwahi kuruka mpaka. Mtu anaweza kupata kazi ya Katana akapoteza mahali pa kurudi jioni.

“Maman,” alisema polepole, “weye haungesema?”

Séraphine akashika kifua. “Miye? Nyamuzinda, Mungu wangu! Nilimuita Papa Bruno, na kabla ya Bruno nilimuita ‘weye’. Jina yake haijapita mu kinywa yangu hata siku ya kumuzika. Miye mwenye kunifungula ni yeye mwenyewe, na yeye uko mu udongo.”

“Sasa tuite jirani.”

“Jirani nani? Leo ni salongo. Bote bako ku barabara na mapanga.”

Ni kweli, Jumamosi asubuhi avenue nzima ilikuwa kwenye kazi ya usafi wa lazima, inazibua mifereji. Yote, isipokuwa mtu mmoja. Kwenye kona ya ukuta ikatokea kofia ya sufi, chini yake uso mwembamba, na chini ya uso jembe begani. Donatien. Huyu ni mtu asiyekosa kitu, kwa sababu vitu vya wengine vyote huwa amevikopa.

“Maman Séraphine, jambo! Nilikuya kurudisha ile jembe,” alisema. Akatazama antena juu ya bati, akatazama chini. “Na kwenu pia intaneti inakatika?”

“Kwetu pia?” Séraphine akaweka mikono kiunoni. “Na kwako inatokaka wapi, Papa Donatien? Siyaona antena ku nyumba yako.”

“Muzee alinipatiaka neno ya Wi-Fi. Ujirani.”

“Ujirani! Jembe mwaka muzima, leo intaneti inalala, jembe inaamuka!”

“Maman, muache kwanza,” Chancelle alisema. Alikuwa ameona mlango. “Papa Donatien, weye unaweza kutaja jina ya Muzee?”

“Miye? Nilicheza naye karata. Nilimuita majina yote, na hii ya batizo ndani.”

Chancelle akapiga simu, akampa. Donatien akakohoa kama mtu anayeanza hotuba.

“Allo, Isidore, mukubwa wangu, hapa ni...”

“Donatien!” Sauti ya Isidore ilisikika hadi mlangoni. “Hiyo sauti naijua! Ndiyo weye ulijiita directeur wa masomo ili nikufungie bure! Toa huyo mutu ku simu! Nikimusikia tena, nakata, na sishiki tena mupaka nishuke!”

Donatien akairudisha simu kwa vidole viwili, kama chungu cha moto. “Hajasahau,” alisema. “Ni mutu wa kuweka mambo mu roho.”

Ndani, kompyuta ilikuwa dirishani na visanduku vyake vitupu. Bienfait aliamka, akalia kidogo, akanyamaza. Chancelle alianza kuvua viatu vya jury, vile vyenye kisigino. Alikuwa amekata tamaa kuanzia miguuni.

Séraphine hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama jembe. Mpini wake ulikuwa na ile alama ya moto Muzee aliyoichoma, na chuma kilikuwa na matope ya shamba la mtu mwingine.

“Leta,” alimwambia Donatien.

Akalichukua, akachota maji kwenye pipa, akalisafisha. Mpini, chuma, na hata pale chuma kinapokutana na mpini, akapitisha ncha ya kitenge mpaka pakawa safi kabisa. Donatien alifungua kinywa aulize, akaona uso wa mama huyo, akakifunga. Kisha Séraphine akasimama mbele ya mkamwana wake, jembe kwenye mikono miwili.

“Vaa viatu,” alisema.

Chancelle akavaa.

“Papa Bruno alisema atakupatia hii. Hakupata muda, juu ya mutu moja yenye namuona hapa. Hii nyumba sasa kichwa yake ni miye. Pokea.”

“Maman, na weye unaweza kufanya ile?”

“Nani mwingine? Nilichokoa kitundu, nitafungula na kinywa. Pokea, saa inaenda.”

Chancelle akapiga magoti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, na Bienfait mgongoni akapokea naye kwa kuangusha kichwa begani. Jembe lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Hakujua afanye nini nalo. Akalikumbatia kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akapiga simu.

“Nani tena?” Isidore aliuliza.

“Ni ile nyumba ya Bagira. Jina ya mwenye nyumba ni...” Alimtazama Séraphine. Séraphine akamtikisia kidevu. “Ni Mushagalusa Théodore.”

Alilisema kwa sauti ya sakramenti ya kitubio.

“Nani? Upepo! Rudilia!”

“Mushagalusa Théodore.”

“Nguvu, maman! Huku ni Miti, haiko mu kitanda!”

Basi Chancelle akavuta pumzi, akapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde: “Mushagalusa! Théodore! Mushagalusa!”

Kuku wa Donatien wakaruka nyuma ya ukuta. Kule kwenye bomba wanawake wawili waliotoka salongo kuchota maji wakageuza vichwa. Séraphine alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na Chancelle hakuweza kujua kama analia au anacheka. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua.

“Aaah, Muzee Mushagalusa!” Isidore alisema kule juu. “Si ungesema vile tangu mwanzo! Yake siwezi kusahau. Mbele sikuielewa, nilimuuliza mara mbili. Andika, yote pamoja: rudisha jembe yangu.”

“Nini?”

“Rudisha, jembe, yangu. Ndiyo neno yake ya siri. Alisema kuna mutu anapenda kuchungulia juu ya bega yake, basi siku atachungulia, asome.”

Chancelle alilirudia neno lile kwa sauti, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akiandika kitu cha simu. Donatien alilisikia, akavua kofia ya sufi. Alikaa nayo mkononi akiigeuza geuza.

“Alikuwa muzuri, Muzee,” alisema mwishowe. “Ila alikuwa hasahau.”

Chancelle alishafika dirishani. Kwenye kisanduku cha kwanza aliandika jina, safari hii midomo yake ikilisema pamoja na vidole. Kwenye cha pili akaandika maneno ya jembe. Akabonyeza enregistrer, yaani hifadhi. Kiduara kikazunguka. Taa nyekundu ikazimika, na kwa muda ule mfupi usio na taa yoyote watu wazima watatu walisimama dirishani wakilitazama sanduku dogo la plastiki kama wanangojea moshi mweupe wa Papa mpya. Kisha ikawaka kijani.

“Inakumbuka!” Séraphine alisema.

Ilibaki kuipa Wi-Fi jina na neno jipya. Chancelle aliyaandika upesi, mgongo wake ukimziba Donatien. Kisha akamfungua mtoto, akampa bibi yake, akaingia ndani na kuketi mbele ya ukuta uliooshwa. Jembe alilisimamisha kando ya mlango. Saa haikuwa imefika bado, lakini ilikuwa inapiga hodi.

Séraphine alitoka na Bienfait, akavuta mlango nyuma yake bila kuufunga kabisa. Akaketi kizingitini. Wanawake wawili wa bomba walikuwa wamefika na ndoo zao kichwani.

“Maman Séraphine, ni nani alikuwa anaita muzee? Tuliogopa. Tulisema labda amerudi.”

“Ni mukamwana wangu. Nilimufungula kinywa leo. Musiongee kwa nguvu, iko na bageni.”

“Bageni bako wapi?”

“Mu kompyuta. Mushushe sauti.”

Donatien alikuwa bado hajaondoka. Alisogea mguu mmoja, akasogea wa pili.

“Na hii neno ya mupya ya Wi-Fi, Maman Séraphine? Naona iko imebadilika.”

“Utaipata siku utarudisha na sufuria.”

“Sufuria gani?”

“Unaona? Haukumbuke hata ni gani. Nenda ku salongo, Papa Donatien. Mikono yako iko mitupu sasa, haina tena sababu.”

Wanawake wakacheka kwa kuziba midomo. Donatien akavaa kofia yake, akaenda, na kweli akashika njia ya barabarani, ingawa hakuna aliyejua kama alifika.

Ndani sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kompyuta, imenyooka, haikatiki. Ikasema kwa Kifaransa kwamba wanamwona vizuri, wanamsikia vizuri. Ikauliza jina lake. Chancelle akalitaja, jina lake na la nyumba aliyoolewa, lote mpaka mwisho, bila kusita. Halafu mwanamke mmoja wa kule Kinshasa akasema jambo jingine kuhusu ule ukuta, jinsi ulivyo safi.

Séraphine hakujua Kifaransa kingi, lakini neno propre alilijua. Akamlaza Bienfait mapajani, akachomoa sindano yake, akaitazama kwanza, kisha akaanza kufuma.